Mwarobaini Una Mpaka Wake

Hotuba hii ilitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja, ukumbini mwa parokia. Tunaichapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika. Isomeni pamoja katika mkutano wenu, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

 

Baba Paroko, wenyeviti na waweka hazina wa vikundi, wazee wangu, akina mama na vijana, asanteni kwa kufika. Najua wengine wenu mmetoka nyumbani kabla ya jogoo kuwika.

Nimepewa saa moja kuzungumza juu ya mti mmoja tu. Mti wenyewe mmeshauona. Mlipokuwa mkingoja chai hapo nje, mlikuwa mmeketi chini ya kivuli chake. Sisi huuita mwarobaini, kwa sababu inasemekana unatibu maradhi arobaini. Ndugu zetu Wagiriama wengi huuita mkilifi, kana kwamba ulizaliwa hapa Kilifi. Lakini haukuzaliwa hapa. Kwao ni Bara Hindi na Burma. Ulifika pwani yetu na Wahindi katika karne ya 19, ukapandwa kwenye maboma na barabarani kwa ajili ya kivuli na dawa. Kwa hivyo ni mgeni aliyekaa sana hadi akapewa jina la mwenyeji.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuulizane maswali mawili. Je, mgeni huyu ametuponya kwa kiasi gani? Na je, amechukua nafasi kiasi gani katika nyumba yetu?

Kwanza naungama

Kabla sijafundisha, ni lazima niseme kosa langu, maana baadhi yenu mlikuwepo.

Nilipoanza kazi hii, karibu miaka ishirini iliyopita, nilikuwa nikizunguka na miche ya mwarobaini kwenye pikapu. Niligawa mamia. Nilisema: pandeni popote, mti huu haufi, hauliwi na mchwa, una dawa ya kila kitu. Nilikuwa na karatasi yenye orodha ya magonjwa, na nilikuwa nikiisoma kwa sauti kama mtu anayesoma litania. Malaria, sukari, presha, minyoo, vidonda vya tumbo, upele, meno. Watu walipiga makofi. Mimi nilifurahi.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Katika kikundi kimoja kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miaka mitatu. Jina lake nalihifadhi, na yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Mtoto alishikwa na homa siku ya Jumapili. Mama akakumbuka somo langu. Akachemsha majani ya mwarobaini, akampa mtoto kikombe asubuhi na kikombe jioni. Jumatatu homa ikashuka, mama akashukuru. Usiku ikapanda tena. Jumanne vilevile. Jumatano alfajiri mtoto akapata degedege, macho yakageuka juu. Walimbeba kwa bodaboda hadi hospitali. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imeshapanda kichwani.

Mtoto aliishi, tunamshukuru Mungu. Lakini sikio moja halisikii hadi leo.

Nilipokwenda kumtazama, yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, si ulisema ni arobaini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Tangu siku ile niliamua kwamba sitasimama tena mbele ya watu nikausifu mti huu bila kusema mpaka wake. Na mipaka yenyewe ni miwili: kuna mpaka mwilini, na kuna mpaka shambani. Ukiivuka, rafiki anageuka kuwa adui.

Tuanze na mahali unaposaidia kweli

Msije mkadhani nimekuja kuutukana mwarobaini. La. Mahali ambapo mti huu umethibitishwa bila shaka ni shambani, dhidi ya wadudu.

Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati nzige walipovamia. Nzige walikula kila kilichokuwa kibichi. Miti ya mwarobaini tu ndiyo iliyobaki na majani yake. Nzige walikuwa wakitua juu yake, kisha wanaondoka bila kula. Wakulima wa India walijua jambo hilo miaka mingi kabla yake, lakini kuanzia hapo wanasayansi wengi walianza kuuchunguza. Walikuta ndani yake, hasa katika kiini cha mbegu, kitu kinachoitwa azadiraktini. Kitu hiki hakimwui mdudu papo hapo kama dawa ya dukani. Kinamfanya akose hamu ya kula, na kinamzuia kujivua gamba ili akue. Kiwavi anabaki mdogo, ananyong'onyea, anakufa polepole.

Kwa hivyo ukinyunyiza leo, usije kesho ukasema dawa haifanyi kazi kwa sababu wadudu bado wapo. Tazama kama bado wanakula. Ngoja siku tatu au nne.

Dawa yenyewe inatengenezwa hivi. Waandishi wa vikundi, andikeni:

1. Okota matunda yaliyoiva, yale ya manjano. Yakamue na kuyaosha siku hiyohiyo, nyama yote itoke, ibaki kokwa.

2. Anika kokwa kivulini, mahali penye upepo, kwa siku kadhaa hadi zikauke kabisa. Usianike kwenye jua kali.

3. Weka katika gunia au kikapu, si katika mfuko wa plastiki. Kwenye plastiki zitaota ukungu, na ukungu unaleta sumu ya aflatoksini. Hii ni sumu ileile ya mahindi yaliyooza iliyoua watu 125 huko Ukambani na sehemu za jirani mwaka 2004. Kokwa iliyo nyeusi au yenye ukungu, tupa.

4. Siku unayotaka kutumia, vunja kokwa, toa kiini, utwange kinuni. Kinu hicho kisiwe kile cha chakula.

5. Chukua kilo 1 ya viini vilivyotwangwa, tia katika ndoo ya lita 20 ya maji, koroga, funika, acha ilale usiku kucha.

6. Asubuhi chuja kwa kitambaa. Ongeza sabuni kidogo ya kufulia ili dawa ishike kwenye majani.

7. Nyunyiza jioni, jua likishapungua, maana jua huiharibu dawa hii upesi. Tumia yote siku hiyo. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, au mapema zaidi mvua ikinyesha.

Asiye na mbegu anaweza kutumia majani: kilo 1 ya majani mabichi yaliyotwangwa kwa lita 5 za maji, yalale usiku kucha. Lakini majani nguvu yake ni ndogo kuliko mbegu.

Dawa hii hufaa kwa vidukari na viwavi wa sukuma wiki, kunde, bamia na nyanya. Pia husaidia kwa yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia Kenya mwaka 2017 na kutumalizia mahindi. Kwake ni lazima uwahi akiwa bado mdogo, na umwagie dawa ndani ya ule moyo wa mhindi anakojificha. Akishakuwa mkubwa, umechelewa.

Mpate pia ukweli mwingine. Kwa dumuzi, yule ambaye wengine mnamwita Osama, majani makavu ya mwarobaini ndani ya gunia hayatoshi. Kausheni mahindi vizuri na mtumie njia nyingine mnazofundishwa na maafisa wa kilimo. Tena usioshe ndoo yako bwawani wala kisimani, kwa sababu dawa hii inaweza kudhuru samaki. Na mboga iliyonyunyizwa, ingoja siku kadhaa na uioshe kabla ya kuipika. Kitu kikiitwa cha kienyeji haina maana kwamba kinaweza kumwagwa ovyo.

Mpaka mwilini

Sasa tuje kwenye mwili wa binadamu. Hapa naomba simu zizimwe kidogo.

Juu ya ngozi, mwarobaini ni rafiki. Mwaka 1992 kulichapishwa utafiti kutoka India, ambapo watu 814 wenye upele walipakwa majani mabichi ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona katika siku 3 hadi 15. Kwa hivyo kama familia ina upele unaowasha usiku, twangeni majani mengi mabichi na manjano kidogo, mpake mwili mzima kila siku. Wapakwe wote wa nyumba kwa wakati mmoja, na siku hiyohiyo nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Ukimpaka mmoja, wadudu watarudi kutoka kwa mwingine. Kama kuna usaha, au kama ni mtoto mchanga, nendeni dispensari.

Kijiti kibichi cha mwarobaini kwa kusugulia meno, nacho ni kizuri. Wahindi wamekitumia vizazi na vizazi. Sabuni yenye mafuta yake kwa kuoga, sawa.

Lakini kunywa ni habari nyingine. Nataka mshike mambo manne.

La kwanza, mtoto asinyweshwe mwarobaini. Majani wala mafuta. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini na wazazi wao kama dawa ya kienyeji. Watoto wale walitapika, wakalala usingizi mzito, wakapata degedege, na ini na ubongo vikaharibika. Wazazi wale waliwapenda watoto wao kama nyinyi mnavyowapenda wenu.

La pili, mama mjamzito asiuguse mdomoni, wala mama anayetafuta mimba. Katika majaribio ya wanyama, mwarobaini umezuia mimba na hata kuitoa. Akina mama, mkiona mimba zinaharibika bila sababu inayojulikana, mwambieni nesi kila kitu mnachokunywa, hata kama ni majani tu.

La tatu, anayetumia dawa za sukari ajihadhari. Mwarobaini nao hushusha sukari ya damu. Ukichanganya na vidonge vyako, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Wanaotumia dawa za presha au za virusi vya UKIMWI wamwulize daktari kwanza, na wasiache dawa zao hata siku moja kwa ajili ya majani.

La nne, na hili ndilo la yule mtoto niliyewasimulia: homa. Kwa nini mama yule alidanganyika? Kwa sababu homa ya malaria ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Ukinywa chochote, hata maji ya ndimu, kuna saa itashuka, nawe utasema dawa imefanya kazi. Kumbe vimelea viko ndani ya damu vinazaana. Kwa mtoto mdogo, siku mbili au tatu za kungoja zinatosha kumwua.

Mtoto akipata homa, apelekwe siku hiyohiyo, ndani ya saa 24. Atatobolewa kidole, kipimo hakichukui muda mrefu, na ikiwa ni malaria atapewa dawa ya AL. Wahudumu wa afya ya jamii vijijini nao wamefundishwa. Mjue nyumba ya mhudumu wenu kabla ya siku ya shida. Usiku ule si wakati wa kuanza kuuliza anakaa wapi.

Mzee mmoja aliniambia juzi: "Wewe umekwisha kuwa Mzungu, unadharau mitishamba." Nikamjibu, mzee wangu, hata hiyo AL imetokana na majani. Kuna mmea wa Uchina unaoitwa artemisia ambao Wachina wameutumia kwa homa tangu zamani za kale. Mama mmoja mtafiti wa huko, Tu Youyou, alisoma vitabu vya waganga wa kale, akautoa ule uponyaji uliomo ndani ya mmea, akaupima. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kenya iliamua mwaka 2004 kuifanya AL kuwa dawa yake ya kwanza ya malaria. Basi tofauti ya artemisia iliyo ndani ya vidonge na mwarobaini ulio ndani ya sufuria ni nini? Ni kipimo. Kile kimejaribiwa kwa watu wengi, tunajua kiasi gani kwa mtoto wa kilo ngapi. Hiki cha sufuria, kikombe cha leo si sawa na kikombe cha kesho, na hakuna aliyethibitisha kwamba kinamponya mgonjwa wa malaria. Ndiyo maana mimi sitawaandikia kipimo cha kunywa. Sinacho.

Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, tunafundishwa kumheshimu daktari, na tunafundishwa kwamba Mungu ameotesha dawa kutoka ardhini. Yote mawili yamo katika sura moja. Tusichukue moja tukaacha lingine.

Je, ni mwarobaini kweli?

Kabla sijaondoka kwenye mambo ya dawa, kuna hatari nyingine ambayo wengi hatuijui. Kuna mti mwingine, nao ni mgeni kutoka Asia, unaofanana na mwarobaini. Huitwa mwarobaini nusu, na sehemu nyingi za bara watu huuita mwarobaini tu. Majani yake huuzwa sokoni kwa jina hilo. Matunda yake ni sumu kwa watu na kwa nguruwe.

Utautambuaje? Mwarobaini wa kweli, vijani vyake vimepangwa kwenye kijiti kimoja, huku na huku, vimepinda kama mundu na vina meno ukingoni. Maua yake ni meupe. Tunda ni refu kidogo kama zeituni dogo, na kokwa yake ni laini. Mwarobaini nusu, kijiti cha jani kimegawanyika tena katika vijiti vingine. Maua yake ni ya zambarau. Tunda ni la mviringo, hubaki mtini hata majani yakishapukutika, na kokwa yake ina mifereji. Watoto wanaochunga mbuzi na ng'ombe wafundishwe tofauti hii, kwa sababu wao ndio huchuma na kuonja.

Mpaka shambani

Sasa mpaka wa pili. Niliwaambia zamani, pandeni popote. Leo twendeni tukatazame hiyo popote.

Tunda la mwarobaini likiiva huwa tamu kidogo. Ndege hulipenda, na popo hulipenda zaidi. Wanakula nyama, wanaiacha kokwa mbali. Mti wako mmoja uliopanda mbele ya nyumba unazaa watoto shambani kwa jirani, kando ya mto, na msituni. Mti ukishakua unaweza kutoa hadi kilo 50 za matunda kwa mwaka. Hesabu mwenyewe kokwa ni ngapi. Mche wake huvumilia kivuli ukiwa mdogo, ukame hauuogopeshi, na mbuzi hawaukimbilii kwa sababu ni mchungu. Ukiukata, kisiki kinachipua tena. Mnaona? Sifa zilezile nilizokuwa nikizisifu ndizo zinazoufanya uvamie.

Hapa Pwani umeshaingia katika misitu, na unaonekana hadi kando ya misitu ya kaya. Wazee wa kaya mlio hapa mnajua ninachosema. Misitu ile ya Wamijikenda iliandikwa mwaka 2008 na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ndani yake mna miti na dawa za wenyeji ambazo hazipatikani kwingine. Mwarobaini ukichukua nafasi, tutakuwa tumepoteza dawa tulizozijua kwa ajili ya dawa moja tuliyoisifu kupita kiasi. Wala si kwetu tu. Kaskazini mwa Australia, katika jimbo la Northern Territory, serikali imeutangaza mti huu kuwa gugu.

Tufanye nini basi? Tuikate yote? Hapana. Tuufuge, kama tunavyofuga mbuzi kwa kamba. Napendekeza kila kikundi kifuate haya:

Kwanza, boma moja lisizidi miti miwili. Mnaotaka kupanda, pandeni mahali ambapo mtaweza kuokota matunda yote: karibu na nyumba, uwanja wa shule, uwanja wa kanisa. Usipande kando ya mto, wala karibu na kaya, wala ukingoni mwa msitu. Usipande mahali panapotuama maji, hautafaa. Mbegu zipandwe mara tu zikitoka mtini, maana zikikaa wiki chache zinakufa. Huota kwa wiki moja hadi tatu. Utaanza kuona matunda baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Pili, na hili ndilo kubwa: okoteni matunda. Mti usio na mwokotaji ndio unaovamia. Msimu wa matunda ukifika, watoto na akina mama wapite kila asubuhi na kikapu. Kokwa iliyo kikapuni ni dawa ya viwavi. Kokwa iliyo tumboni mwa popo ni gugu la mwaka ujao. Ni kokwa ileile.

Tatu, baada ya mvua, ng'oeni miche iliyojiotea. Ikiwa midogo hutoka kwa mkono na mizizi yake. Ukingoja ifike kiunoni, utahitaji jembe na jasho. Mkubaliane siku moja kila msimu, kikundi chote kiingie kando ya msitu pamoja na wazee wa mahali.

Nne, ile mikubwa iliyoota pasipofaa, ikateni na muitumie. Mbao zake hazipendwi na mchwa, zinafaa kwa nguzo, milango na vitanda. Wachonga vinyago wa Malindi na Mombasa, ambao zamani walimaliza mipingo na mihuhu, walihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe, na jakaranda badala yake. Kinyago cha mwarobaini ni muhuhu mmoja uliobaki msituni. Msiuze gogo kwa bei ya kuni kabla hamjauliza bei ya mchongaji. Ulizeni pia ofisi ya misitu juu ya ruhusa ya kukata na kusafirisha. Na kisiki msikiache. Chimbeni, au kila kikichipua mvunje machipukizi hadi kichoke.

Neno juu ya biashara

Vikundi vingine vimeanza kutengeneza sabuni ya mwarobaini, na nawapongeza. Ni kazi nzuri, inaleta pesa ya karo. Lakini nimeona karatasi fulani iliyobandikwa kwenye sabuni, imeandikwa "Inatibu magonjwa 40". Jamani! Tumetoka wapi leo? Andikeni: sabuni ya kuogea yenye mafuta ya mwarobaini. Basi. Tafuteni alama ya ubora ya KEBS kabla ya kupeleka madukani. Na ile dawa ya wadudu, tumieni mashambani mwenu na mfundishane. Mkitaka kuiuza katika chupa, hapo kuna sheria, na bodi inayosimamia dawa za wadudu, PCPB, ni lazima iisajili kwanza. Njooni ofisini tusaidiane kuuliza njia, kabla ya kununua chupa.

Kumaliza

Nilianza na methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hawakuishia hapo. Walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwarobaini umekaa kwetu zaidi ya miaka mia moja. Tumeukalisha kitini, tumeuita daktari. Umefika wakati wa kuupa jembe. Kazi yake ni kulinda mboga zetu, kutibu upele, kutupa mbao na kivuli. Haina kazi ya kumnyonyesha mtoto mwenye homa, wala haina ruhusa ya kulala kaya.

Yule mtoto sasa yuko shuleni. Mwalimu wake humkalisha mbele, upande wa sikio zima. Mama yake ni mweka hazina wa kikundi chao, nao ndio wa kwanza katika eneo hili kuokota mbegu hadi ya mwisho. Yeye ndiye aliyeniambia nije niseme haya. Alisema: "Ulitufundisha nusu, mwalimu. Rudi umalizie."

Nimerudi. 

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliye na kipimo cha malaria na dawa? Tukipata mtoto mwenye homa usiku, tutampeleka wapi na kwa usafiri gani? Je, kikundi kinaweza kuweka akiba ya dharura?

2. Hesabuni miarobaini iliyo katika maboma yenu. Ni ipi inayookotwa matunda yake, na ni ipi isiyo na mwenyewe?

3. Ni miti gani ya dawa ya wenyeji ambayo wazee wetu walitumia na sasa haionekani? Nani bado anaijua, na tunaweza kuipanda wapi?

4. Tutachagua siku gani baada ya mvua kwa kung'oa miche iliyojiotea?